Tinti Kwenye Taa za Gari: Urembo Unaohatarisha Usalama Barabarani

Kuweka tinti kwenye taa za gari ni kubandika karatasi ya plastiki yenye rangi, au kupuliza rangi juu ya taa, ili kubadili mwonekano wa gari. Baadhi ya wamiliki hufanya hivyo kwa ajili ya urembo, lakini kila tinti yenye rangi hufyonza sehemu ya mwanga wa taa.

Taa za gari zina kazi mbili: kumwezesha dereva kuona, na kuwawezesha watumiaji wengine wa barabara kumwona. Ndiyo maana Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabarani uliosainiwa Vienna mwaka 1968 uliweka masharti ya rangi za taa, zikiwemo taa nyekundu za nyuma. Nchini Tanzania, usalama wa vyombo vya moto husimamiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168.

Athari kwa taa za breki

Taa ya breki hutambulika kwa kung'aa kuliko taa ndogo ya nyuma. Tinti hufifisha mng'ao huo, hususan wakati wa jua kali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takribani mita 22 kwa sekunde moja. Hivyo, dereva wa nyuma akichelewa sekunde moja kutambua breki, atakuwa amepoteza umbali huo wote.

Athari kwa viakisi mwanga

Katika taa nyingi za nyuma kuna viakisi vinavyorudisha mwanga wa gari linalokuja. Mwanga huo hupita kwenye tinti mara mbili, wakati wa kuingia na wa kutoka. Tinti inayopitisha nusu ya mwanga hubakiza robo tu. Kwa gari lililoharibika usiku na kuzimika taa, viakisi hivyo huenda vikawa tahadhari pekee.

Hatua za kuchukua

Mmiliki anashauriwa kuondoa tinti hiyo. Karatasi hubanduka kwa urahisi zaidi ikipashwa joto kidogo. Rangi ya kupuliza inaweza kulazimu kubadilisha taa. Taa za mbele zilizopauka zisafishwe au zibadilishwe, zisifunikwe. Baada ya hapo, mtu mwingine asimame nyuma ya gari mchana wakati dereva anakanyaga breki, ili kuthibitisha kuwa taa zinaonekana vyema.