Talaka, Mirathi na Hakimu wa Kibondo: Uislamu ndani ya Demokrasia Huria

Wanaouliza kama Uislamu unapatana na demokrasia huria hukimbilia kutazama Tehran au Riyadh. Jibu lenye manufaa zaidi lipo katika mahakama ya mwanzo ya Kibondo, mkoani Kigoma. Katika nyanda hizi za juu, mbali na misikiti ya Ujiji, Mwislamu anaishi ukuta kwa ukuta na Mkatoliki na Mwanglikana, na hakuna kadhi wa serikali, kwani mahakama za kadhi Tanzania Bara zilifutwa kwa sheria ya mahakama ya 1963. Sharia yenyewe haikufutwa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, waliooana Kiislamu wakigombana hupitia kwanza baraza la usuluhishi. Likishindwa hutoa hati, na talaka ikitolewa baada ya hati hiyo, mahakama huitambua na kutoa amri ya kuvunja ndoa. Masheikh wamesuluhisha, mume ametamka, lakini bila mhuri wa hakimu, ambaye huenda akawa Mkristo, ndoa bado ipo machoni pa dola. Waumini wamezoea utaratibu huu bila kuona kwamba imani yao imepungua.

Itasemwa kwamba Waislamu wa Kibondo wametulia kwa sababu ni wachache. Basi tutazame Zanzibar, ambako karibu wote ni Waislamu. Tarehe 31 Julai 2010 walipiga kura ya maoni na takriban asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Matokeo ya uchaguzi wa 2015 yalipofutwa, mgogoro ulikuwa wa vyama na madaraka. Hakuna aliyeyafuta kwa aya.

Pingamizi zito ni la usawa: katika mirathi ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Hilo haliwezi kufunikwa kwa maneno matamu. Ila anayedhani kwamba fungu hilo likiondolewa binti wa Kasulu, jirani na Kibondo, atabaki na usawa, hajasoma kanuni za mila zilizotangazwa 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba: binti huwekwa daraja la tatu, na ardhi ya ukoo huitumia tu, haiuzi. (Njia ya tatu ya mirathi, mbali na Uislamu na mila, ni sheria iliyotungiwa India mwaka 1865, nayo bado inatumika.) Kwa hiyo kasoro ya kidemokrasia haianzii kwenye Uislamu. Inaanzia pale ambapo mahakama, ikitafuta sheria ya kutumia, hupima mwenendo wa maisha ya marehemu, wala haimuulizi mrithi anataka nini. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kadhi mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Binti wa Kasulu hana kifungu cha namna hiyo: faili la mirathi likifunguliwa, huulizwa kwanza baba yake aliishi vipi na alizikwa kwa taratibu zipi.