Kuomba muda wa ziada kwenye mtihani wa chuo si kuomba huruma



Muhula uliopita mtoto wa ndugu yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, alinijia baada ya Alasiri na matokeo yake mkononi. Masomo mawili alitakiwa arudie. "Ami, wallahi nilisoma," aliniambia. "Niliposhika karatasi tu, yote yakatoka." Nyumbani hukumu ilikuwa imeshapita: simu, uvivu, jicho. Bibi yake alikuwa ameshamnywesha kombe, na babake ameanza kuzungumza habari ya kumtoa chuo akakae dukani.

Nilinyamaza, kwa sababu nilijiona mwenyewe. Nikisomea diploma yangu, miaka ishirini na ushei iliyopita, kuna somo moja nililirudia mara mbili. Usiku nawafundisha wenzangu, asubuhi nalitazama swali la kwanza nusu saa nzima. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali pa kwenda. Mimi si daktari wala wakili. Haya ni niliyojifunza nikizunguka maofisini na kijana huyu.

Ni uvivu au ni tatizo?

Kila mtu huogopa mtihani, na hofu kidogo husaidia. Tatizo ni pale moyo unapodunda, mikono inatoka jasho na fikra za kushindwa zinajaa kichwani hadi mahali pa kushikilia swali panakosekana. Elimu ipo, ila mlango umefungwa.

Shida ya umakini, ile inayojulikana kwa herufi ADHD, ni jambo jingine. Dalili zake huanza utotoni, kabla ya miaka 12, hata kama hugunduliwa mtu akiwa mkubwa. Mwenyewe husoma swali mara nne, huruka sehemu ya pili ya swali bila kujua, na mtu akivuta kiti nyuma yake uzi umekatika. Wapo wenye yote mawili, kama kijana wetu.

Chuo chaweza kufanya nini?

Yanayoombwa sana ni muda wa ziada, chumba chenye watu wachache, kiti cha mbele mbali na mlango, na mapumziko mafupi ambayo dakika zake hazihesabiwi. Darasani, mwanafunzi aweza kuomba ruhusa ya kurekodi somo au kupewa maagizo kwa maandishi. Maswali hayabadiliki, na karatasi yasahihishwa kama ya mwengine yeyote.

Sheria yasemaje?

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu, na kifungu cha 27 chakataza ubaguzi. Wengi hudhani ulemavu ni kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Kifungu cha 260 chataja pia hali za akili na za kisaikolojia zenye athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kila siku za mtu. Kwa hivyo woga wa kawaida hautoshi, lakini tatizo lililothibitishwa laweza kuingia humo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilivitaka vyuo kuzingatia mahitaji hayo hata katika mitihani. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi yake, nayo pia yalinda haki ya elimu.

Anzia wapi?

Kwanza, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Mweleze linalotokea, lini lilianza na umeshajaribu nini.

Pili, pata ripoti. Hospitali ya umma yenye kitengo cha afya ya akili, kama Hospitali Kuu ya Pwani tunayoiita Makadara, ni nafuu kuliko daktari wa kibinafsi. Mwombe daktari asiishie kwenye jina la tatizo, bali aandike vile linavyokuathiri kwenye mtihani na unachohitaji.

Tatu, andika barua kwa mkuu wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara. Taja unachoomba, ambatisha ripoti, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Habari za afya yako zalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo mhadhiri hana haja ya kujua zaidi ya kile anachotakiwa kukufanyia.

Nne, wahi. Sisi tulikwenda wiki moja kabla ya mtihani, bila ripoti. Afisa akatwambia kila mtu aogopa mtihani, tukatoka mikono mitupu. Barua ipelekwe muhula unapofunguliwa. Na kama mtihani ni wa KNEC, chuo hakiwezi kukuongezea dakika chenyewe. Lazima kipeleke ombi lako kwa baraza mapema, wakati wa kusajili watahiniwa.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba chakupa haki hiyo pale uamuzi wa ofisi unapokuumiza. Ukiwa na barua hiyo waweza kukata rufaa ndani ya chuo, kisha kwenda Tume ya Haki ya Utawala.

Mara ya pili tulikwenda mapema, ripoti mkononi. Kijana alipewa nusu saa zaidi na kiti cha pembeni. Somo moja amepita, jengine bado, lakini kwa mara ya kwanza alifika swali la mwisho. Babake hajazungumza tena habari ya duka.

Wazazi wenzangu, dua tusome, na kombe asiyetaka asikatazwe wala anayetaka asichekwe. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto akikwambia alisoma na yakatoka, kabla hujamwita mvivu, muulize yalitoka vipi.