Tui la Lozi na Bei ya Uadilifu

Mjadala kati ya tui la lozi la nyumbani na maziwa ya mifugo iliyotunzwa kwa huruma hudhaniwa kuwa wa kizazi hiki. La hasha. Katika Ulaya ya Zama za Kati, Kanisa lilikataza maziwa na siagi wakati wa Kwaresima. Wapishi wa matajiri walitwanga lozi, wakazichanganya na maji, wakachuja, kama tukamuavyo tui la nazi. Kitabu cha wapishi wa Mfalme Richard II wa Uingereza, cha mwaka 1390 hivi, kimesheheni mapishi hayo.

Lakini lozi zilitoka nchi za Mediterania, kwa bei ya anasa. Mkulima maskini wa kaskazini, hata mwenye ng'ombe zizini, hakuruhusiwa maziwa wala hakumudu lozi. Wenye fedha walinunua hata ruhusa: huko Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu huitwa Mnara wa Siagi, kwani yasimuliwa ulijengwa kwa michango ya waliotaka kula siagi wakati wa mfungo.

Leo pia, vikombe vyote viwili mara nyingi ni ghali kuliko maziwa ya kawaida. Maadili ya chakula yasiyojali kipato cha mlaji hugeuka fahari ya wachache. Kabla ya kumhukumu anywaye, tumuulize apangaye bei.