Elimu ya Vinasaba Ilitoka kwa Mwalimu

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti yetu ya Kilifi, kila kijiwe cha kahawa Pwani kinalijua neno DNA. Ilitolewa miili zaidi ya 400, mingi imeharibika hata mzazi hawezi kumtambua mwanawe. Jamaa walitoa sampuli wakangoja, na ni Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipokabidhiwa wapendwa wao mjini Malindi. Leo nataka kueleza elimu hii ilikotoka, maana haikuanzia kwa polisi. Ilianzia kwa mwalimu wa chuo kikuu.

Alec Jeffreys alizaliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1950. Alisoma huko huko, akafanya utafiti Amsterdam, na mwaka 1977 akaanza kazi Chuo Kikuu cha Leicester. Hakuwa akitafuta wahalifu. Alikuwa akichunguza jinsi vinasaba vinavyotofautiana baina ya watu. Jumatatu asubuhi, Septemba 10, 1984, alitazama filamu ya eksirei iliyotoka kusafishwa, akaona safu za mistari: kila mtu na yake, na ya mtoto imetoka kwa mama na kwa baba. Pacha wa kufanana tu ndio wanaolingana.

Kesi ya kwanza, mwaka 1985, haikuwa ya mauaji. Mvulana wa familia ya Kighana alizuiwa kuingia Uingereza, maafisa wakishuku kuwa si mtoto wa mama aliyekuwa akimdai. Vipimo vilithibitisha ni mwanawe wa kumzaa. Sisi tuliokuwa tukiulizwa babu na babu mzaa babu tukiomba kitambulisho twajua uzito wa jambo hilo.

Kisha polisi walimletea sampuli za mauaji ya wasichana wawili karibu na Leicester. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji ya mmoja wao. Jeffreys akaonyesha kwamba muuaji ni mtu mmoja, wala si kijana yule. Maelfu ya wanaume wa vijiji vya jirani wakapimwa. Mhusika akamtuma mwenzake atoe damu kwa jina lake. Njia ya mwongo fupi: alikamatwa 1987, akahukumiwa kifungo cha maisha 1988.

Jeffreys aliendelea na kazi yake Leicester mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Hapa kwetu mtoto akipenda bayolojia twamwambia awe daktari, basi. Mimi nasema kuna njia nyingine: maabara, utafiti na kufundisha wengine. Neno lenyewe vinasaba limetokana na nasaba, na sisi Waislamu twafunzwa kuwa kuhifadhi nasaba ni katika makusudio ya sharia. Wale waliongoja karibu mwaka mzima kuzika watu wao wangefurahi kuona vijana wa Pwani wakiisomea kazi hii.