Daraja Lililoshushwa Cheo

Mizigo ya Burundi inayofika Kigoma kwa treni hushushwa hapo, ikapanda meli hadi bandari ya Bujumbura. Kwa hiyo mtoto wa kwetu Gasenyi, Burundi, anaweza kukua mpaka akaoa bila kuona daraja la reli. Lakini mwaka 2025 ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa, na habari za madaraja zimeanza kutuhusu. Basi nitatoa historia ya moja dogo, la Marekani.

Liko Savage, jimbo la Maryland, juu ya mto Little Patuxent. Aliyelibuni ni Wendel Bollman, mzaliwa wa Baltimore, 1814. Alianza kama seremala, na uhandisi akaupatia kazini, kwenye reli ya Baltimore and Ohio. Madaraja ya mbao yalikuwa yakioza na kuungua. Mwaka 1852 akapewa hataza ya kenchi ya chuma kitupu. Lisogelee utazame: kila boriti ya sakafu imeshikwa na vyuma vyake yenyewe, vinavyopanda mshazari hadi vichwa vya nguzo za mwisho. Kimoja kikikatika, daraja zima haliporomoki. Ila vyuma hivyo havilingani urefu, hivyo jua likiwaka havitanuki sawasawa, na kuvirekebisha ni adha.

Lilijengwa 1869 kwa ajili ya njia kuu ya reli hiyo. Injini zikazidi kuwa nzito, likaelemewa. Wengine wangeliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kampuni ikaling'oa na mwaka 1887 ikalisimamisha Savage, kwenye tawi la reli lililoingia kiwanda cha turubai za matanga. Vipande viwili, kila kimoja kama mita 24. Treni fupi, mwendo wa pole: kazi ya kumpa mzee. Bollman hakuyaona hayo, alikwishafariki 1884.

Ndugu zake waliobaki njia kuu wakaondolewa mmoja mmoja. Hili la pembeni likasahaulika, na kusahaulika kukaliponya. Kiwanda kilifungwa 1947. Mwaka 1966 chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani kikalifanya alama yake ya kwanza ya kihistoria. Leo ndilo pekee la aina yake lililosalia, na watu hulivuka kwa miguu.

Nanyi wakandarasi wetu, mkibomoa daraja la chuma barabara kuu, kabla ya kuita mizani ulizeni kwanza milimani: kuna vijito ambavyo wanafunzi bado wanavivuka juu ya magogo.