Kisiwa cha Lamu: Mchanga, Maji, Mikoko na Mawe

Ramani nyingi za kisiwa cha Lamu huonyesha mji na vijiji: Lamu na Shela upande wa mashariki, Matondoni na Kipungani upande wa magharibi. Mji wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini chini ya mji kuna matabaka mengine, na la chini likiharibika, la juu haliponi.

Mchanga na maji

Lamu haina mto. Maji matamu hutokana na mvua inayonywewa na vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda visimani. Vilima vikijengwa, mvua hukosa pa kuingilia, na mashimo ya vyoo huvujia kwenye maji hayo hayo.

Kisiwa jirani cha Manda ni funzo. Mji wa Takwa ulistawi huko tangu karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Masimulizi husema visima viliingia chumvi, watu wakavuka kwenda Shela.

Mikoko

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Huzuia ufuo usiliwe na mawimbi, na ndimo samaki na kamba wanamokulia. Pia hutoa boriti za dari. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba; ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba.

Mawe

Mawe ya matumbawe yalivushwa kutoka Manda, na chokaa ikachomwa kwa matumbawe vilevile. Mkomani ikawa mitaa ya mawe, Langoni nyumba za udongo na makuti. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, ilisimama ukingoni mwa maji. Leo iko ndani ya mji, kwa sababu ufuo ulijazwa na majumba yakajengwa mbele yake. Hata ukingo wa bahari, basi, ni kazi ya mikono.

Ramani inayohitajika

Usam Ghaidan alichapisha utafiti wa uhifadhi wa Lamu mwaka 1976. Francesco Siravo na Ann Pulver wakafuata na mpango wao mwaka 1986. Kazi hizo ziliupa mji kinga. Vilima navyo vinahitaji uangalizi uleule: visima, vyoo, mikoko na mipaka ya viwanja viwekwe kwenye ramani moja, ibandikwe mahali kila mwananchi ataiona. Kiwanja kikikatwa kilimani Shela, anayeuza, anayenunua na anayetia sahihi wajue ni kisima cha nani kilicho chini yake.