Goma: «Sisi ndio wakristo wa kweli». Namna makundi ya dini yanavyowaita watu wa inje

Siku ya Mungu asubui, mutu anayepanda kwa miguu kutoka Birere hadi Majengo anasikia mabafle ya makanisa mengi yakilia pamoja. Pahali pamoja muhubiri anasema kwamba ubatizo wa maji ya kunyunyizwa si ubatizo. Nyumba ya pili wanafundisha kwamba siku ya kweli ya kuabudu ni Sabato. Mbele kidogo, mwengine anawaita watu watoke Babiloni, maana yake makanisa yote isipokuwa lake. Wote wanashika Biblia moja, na kila mumoja anasema: sisi ndio wakristo wa kweli.

Maneno haya si mapya, na mara nyingi hayamuumize mutu. Lakini katika historia ya Kivu, jina ambalo kundi moja linamupa mutu wa inje limefika pia kwenye jela, na hata kwenye kaburi. Ndiyo maana ni vizuri kujua majina hayo yanatoka wapi, na wakati gani yanakuwa hatari.

Nani anamuita nani, na kwa jina gani?

*Mupagano.* Zamani wamisionere walitumia neno hili kwa mutu asiyebatizwa, anayeshika desturi za mababu. Leo katika makanisa ya uamusho na vyumba vya maombi, linaweza kumuangukia hata mutu aliyebatizwa utotoni, kama «hajaokoka». Ndivyo mama mukatoliki wa miaka 60 anavyoweza kuitwa mupagano na mutoto wake mwenyewe.

*Watu wa ulimwengu.* Washahidi wa Yehova wanawaita hivyo wote wasio wa imani yao. Wao hawapige kura, hawabebe silaha, hawasalimie bendera. Kwao jina hilo ni mupaka kati ya ndani na inje, si ruhusa ya kumupiga mutu.

*Babiloni.* Neno linatoka katika kitabu cha Ufunuo. Kwa Washahidi ni dini zote za uongo. Makundi mengine yanalielekeza hasa kwa Roma na kwa makanisa makubwa.

*Madhehebu.* Kwa watu wengi ni neno la kawaida tu. Lakini kwa wafuasi wa William Branham, muhubiri wa Marekani aliyekufa katika 1965 na ambaye wafuasi wake ni wengi Kongo, dhehebu ni kanisa lililofungwa na kanuni za watu na kuacha Neno. Ukimuambia mumoja wao «dhehebu lenu», umemutukana bila kujua.

*Sekte.* Neno la Kifaransa ambalo makanisa makubwa, wakubwa wa serikali na waandishi wa habari wanayapa makundi madogo. Hakuna mutu anayejiita mwenyewe «wa sekte». Ni jina la kupewa.

Kila jina kati ya haya linafanya kazi mbili. Linamuambia mutu wa inje kwamba yuko inje, na linamukumbusha mutu wa ndani atakavyoitwa kama akitoka. Mara nyingi kazi hii ya pili ndiyo yenye nguvu.

Leo sekte, kesho kanisa

Simon Kimbangu alianza kuhubiri Nkamba, Kongo ya Chini, katika 1921. Mwaka ule ule Wabelgiji walimukamata na kumuhukumu kifo, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Alifia jela Elisabethville, leo Lubumbashi, katika 1951. Miaka 8 baadaye kanisa lake lilitambuliwa na serikali, na katika 1969 likaingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Lakini katika 2021 Baraza hilo lilimaliza uanachama wake, kwa sababu ya mafundisho yanayomuhusu Kimbangu na Roho Mutakatifu. Kundi lile lile limeitwa waasi, kisha kanisa ndugu, kisha tena watu walioacha njia.

Hapa kwetu mufano ni Kitawala. Jina lake linatoka kwa Watch Tower, lakini Washahidi wa Yehova wenyewe wanakataa kwamba Kitawala ni yao. Wahubiri wake walifundisha kwamba wamisionere waliwaficha Waafrika ukweli wa Biblia. Katika 1944, wakati wa vita ya dunia, raia walilazimishwa kuongeza kazi za mashamba na mpira. Upande wa Masisi na Lubutu, Bushiri aliongoza uasi kwa jina la imani hiyo. Jeshi la koloni liliuzima kwa silaha. Wabelgiji waliona sekte ya hatari, lakini wanakijiji wengi waliona watu waliochoka na kazi ya lazima. Mambo yote mawili yalikuwepo.

Kisha uhuru, serikali ya Mobutu nayo ilichora mupaka wake. Sheria ya mwisho wa 1971 ilitambua kwanza makanisa matatu tu: Wakatoliki, Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) na Wakimbanguiste. Kundi la kiprotestanti lililotaka kuishi lilipaswa kuingia ndani ya ECC kama komunote. Ndipo zinatoka namba ambazo watu wa Goma wanataja hadi leo: 3 CBCA, 5 CELPA, 8 CEPAC. Washahidi wa Yehova walipigwa marufuku katika 1986, hadi mahakama kuu ilipovunja amri hiyo katika 1993.

Tarehe 30 mwezi wa 8, 2023

Wakaaji wa Goma hawajasahau siku hiyo. Kundi linaloitwa «Imani ya Asili ya Kiyahudi na ya Kimasiya kwa Mataifa», ambalo wafuasi wake walijulikana kama Wazalendo, lilitangaza maandamano ya kuomba MONUSCO na majeshi ya kigeni yaondoke. Wasichanganywe na vikundi vya silaha ambavyo vinabeba jina hilo hilo. Muji ulikataza maandamano. Alfajiri, askari wa Garde Républicaine waliingia katika redio ya kundi hilo, kisha wakafyatua risasi kwa waumini. Polisi mumoja naye aliuawa kwa mikono ya wafuasi. Serikali ilitaja wafu 43. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wafu 57 ao zaidi. Katika mwezi wa 10, mahakama ya kijeshi ya Goma ilimuhukumu kifo kanali Mike Mikombe, na askari wengine watatu wakapewa kifungo.

Katika siku zile neno «sekte» lilisikika kila pahali. Neno hilo halikufyatua risasi. Lakini lilisaidia watu kuangalia pembeni: «Ah, ni wale wa sekte.» Mutu wa sekte naye alikuwa na mama, na jirani, na deni kwenye kioske.

Wakati gani kuogopa?

Kusema «njia yangu ndiyo ya kweli» ni haki. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2006 kinamupa kila mutu uhuru wa dini, bila kuvunja sheria, utaratibu na haki za wengine. Hatari inaanza pale mupaka wa maneno unakuwa ukuta wa maisha. Shakahola, karibu na Malindi nchini Kenya, ilionyesha hilo katika 2023: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika pori ambamo waumini walifundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wamuone Yesu. Shule, hospitali na watu wa inje walikuwa wametangazwa kwanza kuwa mambo ya shetani.

Jamaa na viongozi wa mutaa waangalie hasa haya:

– mufuasi anakatazwa kuzungumza na wazazi wake, ao kufika kwenye matanga ya ndugu asiye wa imani yake;
– mutoto anatolewa shule, mugonjwa anakatazwa dawa;
– kiongozi hawezi kuulizwa swali, na anayeuliza anaitwa mutu wa shetani;
– mali ya mufuasi inaingia mikononi mwa mutu mumoja;
– mahubiri yanaacha kusema «wanakosea», yanaanza kusema «waondolewe».

Dalili hii ya mwisho inahusu pia makanisa makubwa, wakubwa wa serikali na redio. Kundi dogo linaweza kuwa hatari kwa wengine, na linaweza pia kuwa ndilo linalotafutwa.

Mulima unatukumbusha jambo moja. Katika mwezi wa kwanza wa 2002, laza ya Nyiragongo ilibomoa katedrali ya Saint-Joseph pamoja na makanisa mengine na nyumba za watu wa kila dini. Katika mwezi wa 5 wa 2021, muji ulipokimbia kuelekea Sake, familia zililala katika makanisa na mashule. Mukatoliki alilala kwa Waprotestanti, na aliyeitwa mupagano siku ya Mungu iliyopita alipewa mukeka.